Siku Zangu Bila Salamu Didia

Jumatano, 9 Julai 2025

Leo kabla ya adhuhuri, makaburini, nimepoteza salamu za kijiji kizima cha Didia. Zote. Za wazee, za watoto, hata za yule mlevi anayesalimia nguzo za umeme.

Niandike kwa utaratibu, maana mimi ni mtu wa utaratibu. Mzee Boaz alifariki jana. Mradi wetu unachunguza jinsi watu wa vijijini wanavyosaidiana wakati vijana wao wako machimboni Geita. Msiba! Kusaidiana kote mahali pamoja, bila kuzunguka nyumba kwa nyumba. Nikaona Mungu kanipa zawadi. (Nimeifuta sentensi hiyo. Nimeirudisha. Shajara ni yangu.)

Nikaazima kiti cha plastiki cha Mama Zipora, mwenye nyumba wangu, nikakipandisha juu ya kichuguu. Kutoka pale unaona wachimba kaburi kushoto, wanawake wa maji na kuni kulia. Dkt. Raudha, mkuu wa mradi, alitufundisha kule Shinyanga mjini: chagua mahali pazuri, tazama, andika. Nikachagua. Hakusema kichuguu ni kosa.

Wanaume wa hapa huchimba kwa zamu. Kila mmoja anapokea sepeto, anatoa udongo kidogo, anampa mwenzake. Hata mzee wa mkongojo analigusisha tu udongoni na kulipitisha. Sepeto likafika kwangu. Waliniletea mpaka kichuguuni. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema niko kazini, nikampa aliyefuata. Kisha nikaandika: "Sepeto limefika mkono wa ishirini na tatu."

Kimya. Nikadhani ni kimya cha msiba.

Jioni Mama Zipora kaniletea ugali na habari. Chama cha kuzikana kimekaa kikao chini ya mwenyekiti wao, Mayala. Nyumba zote za hapa ni wanachama, mpangaji akiwemo. Mayala kasema sentensi moja tu, naye Mama Zipora kaniambia kama ilivyo:

"Mtu anayetutazama tukizika, na sisi tusimtazame."

Basi. Kuanzia kesho alfajiri hakuna kunisalimia, kuniitikia, kuniuzia kitu wala kunipa moto. Atakayenisemesha atatengwa kama mimi na kutozwa mbuzi.

Nimemweleza Mama Zipora kwamba mimi ni Msukuma wa Katoro, mila nazijua. Kaniuliza, kama nazijua, nilidhani lile sepeto linapita kutalii?

Mimi! Niliyeanza kwa kuwauzia wachimbaji maji ya kunywa kwenye ndoo. Nikajiingiza kwenye kazi ya madodoso bila kushikwa mkono na mtu. Nimehoji kaya elfu nne mia moja na kumi na mbili, Kahama mpaka Chato, na hakuna hata moja iliyowahi kunisusa. Leo nimesusiwa na wafu na wazima.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Nimeamka nikidhani wamelala wakasahau. Nimemsalimia kila niliyemwona. Mwangaluka kwa wachunga ng'ombe: wamepita, na ng'ombe wao wamepita. Shikamoo kwa bibi wa jirani: ameitikia marahaba kwa mtoto aliyekuwa nyuma yangu, ambaye hakuwa amesema kitu.

Nikaenda dukani kwa Salmini kutaka sabuni. Salmini ni mtu wa Ujiji, mwenye kofia yake na tasbihi yake, nikasema moyoni haya mambo ya Wasukuma hayamhusu. Kamhudumia aliyekuwa nyuma yangu. Mkono wake ukapita juu ya bega langu na chenji. Nikaweka noti juu ya meza. Ikakaa. Nikasubiri. Mwishowe nikaichukua mwenyewe. Hakuna aibu inayofanana na kujirudishia hela yako mwenyewe mbele ya watu.

Mama Zipora naye haruhusiwi kunisemesha. Lakini mpangaji ni mpangaji. Asubuhi kasimama mlangoni mwa jiko, kamgeukia kuku wake mweupe:

"Wewe kuku, uji uko kwenye sufuria. Mwenye njaa anajua vikombe vilipo."

Nimekunywa. Nimemshukuru kuku.

Jioni Dkt. Raudha kajibu maandishi yangu ya jana, tena kwenye kundi la simu, ambako na Onesmo, mwenzangu wa mradi, yumo. Kasema hiyo ni hesabu ya mnadani, si maandishi ya uwandani. Watu walisema nini? Nyuso zao zilikuwaje? Na ukurasa wa kulia, mbona mtupu? Maana utaratibu wake ni huu: ukurasa wa kushoto unaandika ulichokiona, wa kulia ulichohisi. Mimi wa kushoto huwa umejaa namba, safi, zimepangwa. Wa kulia siku zote nahisi jua au nahisi njaa.

Onesmo! Huyu ana shahada. Katika nchi nzima kapangiwa Katoro, mji wangu, mimi nikaletwa Didia. Ameomba kuosha sahani kwa mama ntilie mmoja, na jana kaandika kurasa nne kuhusu sauti ya yule mama inavyolainika mchimbaji ambaye hajapata dhahabu mwezi mzima anapoomba nusu sahani. Kurasa nne, sauti! Dkt. Raudha kamwekea vijiua vya pongezi.

Na Jumapili anakuja kuamua. Mmoja wetu ataendelea na mradi miaka miwili. Mwingine arudi kwenye madodoso. Akinikuta mimi natazamana na kuku, basi.

Lakini jua linazama na akili imenijia! Shida ya mtazamaji, alifundisha mwenyewe, ni kwamba anaotazamwa wanajua, wanajirekebisha. Inabidi wakuzoee mpaka wakusahau, na wengine huchukua mwaka mzima. Mimi nimesahauliwa kwa asubuhi moja. Mimi ni hewa. Kesho hewa inaingia kila ua.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Siku kubwa.

Nimeingia uani kwa Melania, jirani yetu, bila hodi (hodi yangu isingeitikiwa). Wanawake saba wanakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Nimeketi katikati yao. Hakuna aliyesogea, hakuna aliyeinua macho. Visu vikaendelea, na maneno yakaendelea. Maneno gani! Kwamba wana wa marehemu wamekuja toka machimboni na simu kubwa na kreti za soda lakini hawajui jembe la baba yao linalala wapi. Kwamba mwenyekiti Mayala ni mkali kwa wote isipokuwa mke wake mdogo, kwake huwa anaongea kama mtu aliyemeza maziwa ya moto. Kwamba Bibi Juliana, mjane, hali tangu juzi, na nani alale naye zamu ya leo. Wamepangana palepale, dakika moja, bila kikao wala karatasi. Nikaandika mpaka vidole vikakakamaa.

Kisha wakafika kwangu.

Melania ana ulimi wa kupasulia kuni. Alisema akiwa anakikagua kiazi:

"Soksi zake zenyewe mbili haziwiani, halafu ndiye wa kutuhesabu sisi."

Walicheka mpaka mmoja akakata kidole. Nimeangalia. Ni kweli. Moja kahawia, moja nyeusi. Nimevuta suruali chini.

Mwingine akasema yule mtu alikuwa anahesabu hata kilio cha Bibi Juliana, mtoto wake amemchungulia akiandika. Hapo hawakucheka. Melania akaweka kisu chini.

"Hata mbuzi akikatiza msibani huacha kutafuna."

Nimerudisha kurasa nyuma. Ipo. "Mjane amelia mara tatu." Kwa mwandiko wangu mzuri, na mstari nimeupigia rula. Nikafungua ukurasa wa kulia, nikaandika "Nimehisi", nikakaa na kalamu hewani. Masikio yalikuwa yanawaka. Nilitaka kuondoka lakini niliogopa: hewa ikiondoka inaonekana.

Halafu wakarudi kwa Mayala na mke mdogo, nikafunua ukurasa mpya.

Kurasa kumi na moja! Nimezipiga picha zote na kutuma. Dkt. Raudha kajibu kabla sijamaliza kunawa: hatimaye, Gregory, hapa kuna watu! Vijiua viwili. Onesmo kaandika "hongera kaka," na hongera yake nimeisoma kama mtu anayetafuna mchanga.

Baadaye Daktari kauliza, hao akina mama walijua naandika? Waliridhia? Nimejibu wananijua vizuri sana. Si uongo.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Sijui nianzie wapi. Ukurasa wa kulia leo umejaa na wa kushoto una mstari mmoja.

Leo ilikuwa zamu ya Mama Zipora kupuriwa mtama. Hapa wanakwenda kwa zamu: wiki hii wote kwako, wiki ijayo wote kwa jirani. Tangu jana kafagia uwanja, katengeneza togwa mitungi miwili, kapanga vibuyu ukutani. Asubuhi kakaa kwenye kigoda, khanga mpya kiunoni, anatazama njia.

Jua likapanda. Njia tupu.

Watu walipita. Walikwenda shambani, walikwenda kisimani, wakatazama mbele. Nilidhani hawanitazami mimi. Ilinichukua muda, mimi mwenye akili ya namba, kujumlisha moja na moja. Walikuwa hawamtazami yeye.

Amenihifadhi. Uji umeonekana. Na kuku hamdanganyi mtu.

Akasimama. Akamwaga kibuyu kimoja cha togwa chini ya ukuta, polepole. Akachukua fimbo, akaanza kupura peke yake mtama wa watu ishirini. Nami niliketi kwenye kile kiti cha plastiki. Niliandika mstari wangu: "Mwanamke mmoja, fimbo moja." Nikajiambia mtazamaji haingilii. Nikajiambia kesho Daktari anakuja na hii ni nzito kuliko sauti ya mama ntilie. Nilikuwa natafuta neno zuri la namna mgongo wake ulivyokuwa unapanda na kushuka.

Alikuwa anakohoa vumbi. Hakulia. Angelia ningeondoka, nadhani. Sijui kama ningeondoka.

Nimevumilia mpaka alasiri, na niseme ukweli: si huruma iliyoniinua. Ni watoto wa Melania waliokaa juu ya ukuta, wakinitazama mimi nikimtazama yeye. Walikuwa wamesahau amri. Nikaona jinsi ninavyoonekana.

Nimechukua fimbo. Miaka kumi na tano sijapura kitu. Pigo la kwanza limepiga ardhi, la pili limepiga mguu wangu. Mama Zipora hakugeuka. Akasema kwa sauti ya uchovu:

"Kuku, mwambie huyo mtama uko kushoto kwake."

Tumepura mpaka giza likaingia. Robo haijafika. Amenipa togwa kwa kuiweka chini na kwenda zake.

Kesho nitamweleza Daktari kila kitu. Au nitamweleza sehemu. Nitapima.

Jumapili, 13 Julai 2025

Daktari kaja na bajaji toka Shinyanga mjini, na ndani ya bajaji, kapakata begi lake, Onesmo! Eti kaja kujifunza kwangu.

Mpango niliupanga barabarani, nikiwasubiri. Nikamwambia Daktari kwamba watu wa hapa Jumapili huwa hawasalimii wageni, ni wazito, asishangae. Sijamaliza sentensi, Melania akatokea na beseni kichwani. Akapiga goti. Shikamoo Daktari, karibu sana, za Shinyanga, za watoto, za safari. Onesmo akapewa mwangaluka, akaitikia kwa Kisukuma kilichopinda, Melania akafurahi kama kapewa kitenge. Mimi nilikuwa katikati yao. Salamu zikanizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Daktari ni mtu anayejua kutazama. Alinitazama.

Kaomba kuonana na mwenyekiti. Mayala kaja, kakaa, kaeleza yote kwa upole, bila kunitaja jina: yule aliyekaa kichuguuni. Na mwenye nyumba wake ambaye sasa anabeba mzigo wa mtu. Daktari hakumkatiza. Alipomaliza akanigeukia.

"Gregory, sepeto lilifika mkononi mwako?"

Nilijaribu kusema kuhusu mbinu. Kuhusu kutoingilia. Kasubiri.

"Lilifika. Nikampa mwingine."

Onesmo alikuwa anatazama viatu vyake, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba aliona aibu kwa niaba yangu. Daktari kamwambia Mayala kosa ni lake pia, yeye ndiye aliyenifundisha kukaa na hakunifundisha kuinuka. Kaomba radhi mbele ya watu, mwanamke mwenye udaktari, kwa ajili ya kiti changu.

Mayala katoa masharti. Mbuzi. Na kwa kuwa kaburi limeshafukiwa, nijaze mitungi yote ya Bibi Juliana, nikibeba kichwani.

Mbuzi nimemnunua kwa binamu wa Mayala, na kwa kuwa tulikuwa bado hatusemeshani, sikuweza kuomba apunguze bei. Alionyesha vidole, nikaonyesha vichache zaidi, akaonyesha vilevile. Nimelipa bei ya ndama.

Kisha maji. Kisimani kuna wanawake na watoto na sasa hawakuwa na sababu ya kutonitazama. Ndoo ya kwanza imenimwagikia yote mgongoni. Ya pili nusu. Onesmo akachukua ndoo bila kuambiwa na mtu, akanifuata nyuma, na hakumwaga hata tone. Mtu huyu ana kasoro gani? Lazima anayo.

Bibi Juliana alikuwa amekaa kwenye mkeka, wale wa zamu yake pembeni. Nilipomimina ndoo ya mwisho nilipiga goti, nikasema shikamoo bibi, nikijua haitaitikiwa. Akanitazama.

"Ndiye wewe uliyeandika nililia mara tatu?"

Nikasema ndiyo, bibi.

"Umekosea. Nyingine nililia ndani, ambako hukuwa na kiti." Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu."

Nikatoka nje nikasimama nyuma ya zizi. Hapo sikuandika kitu.

Daktari kaniamuru niende kwa Melania na zile kurasa kumi na moja, nimsomee, nimwombe ridhaa, na asichokitaka nikichane. Nimemsomea zote uani mbele ya wenzake sita. Kila nilipofika kwa Mayala na mke mdogo wameziba midomo kwa khanga. Mwishowe Melania kasema nichane zote, za Mayala nizichome kabisa, ila ile ya soksi niiache, hiyo ni kweli na iwafikie wakubwa.

Kuhusu miaka miwili, Daktari hajasema. Kasema atanijulisha. Kapanda bajaji. Onesmo kabaki, kesho atasaidia kupura.

Usiku huu nimelala na ukurasa mmoja unaohusu soksi.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Wamekuja! Alfajiri, wote, na fimbo zao. Mama Zipora katengeneza togwa upya. Mayala mwenyewe kapiga la kwanza. Nyimbo, vumbi, vicheko, na mimi katikati, nasalimiwa mpaka nimechoka kuitikia. Mwangaluka huku, mwangaluka kule. Mama Zipora kaniita jina langu mara ya kwanza tangu Jumatano. Kuku kapumzishwa. Kabla ya saa sita mtama wote umekwisha. Nimeona haya na furaha kwa pamoja, sikujua vinaweza kukaa kwenye kifua kimoja. Nimeapa moyoni sitamtazama tena mtu akibeba peke yake.

Tatizo ni moja. Sasa wananiona. Jioni nimekaa kwa Melania na wenzake, kwa hodi na ridhaa na soksi zinazowiana. Wamenikaribisha. Wamenipa kiazi. Wakaniuliza habari za Katoro. Kuhusu Mayala, eti ni kiongozi mzuri. Kuhusu wana wa marehemu, eti ni vijana wazuri. Nusu ukurasa! Nimekokotoa. Nilipokuwa nasalimiwa, kurasa tatu kwa siku, namba tupu. Nilipotengwa, kumi na moja, na watu ndani. Niliposamehewa, nusu. Hesabu haina huruma, na mimi sikuiumba.

Nimemwandikia Dkt. Raudha hivi, na nimeshatuma:

"Daktari, shikamoo. Nimejifunza sana Didia na nakushukuru kwa jana. Nina pendekezo la kitaalamu. Vijiji vilivyobaki ni vinane. Kukaa kijijini mpaka nisahaulike ni miezi sita kila kimoja, kodi, chakula na nauli. Kutengwa ni siku tatu na mbuzi mmoja. Safari hii nitapanga nyumba ya peke yangu, ili mwenye nyumba asipate taabu, hilo nimelizingatia. Ridhaa tutaomba mwishoni, wakati wa mbuzi, wakiwa wameshiba. Kijiji cha pili nimeshakichagua, njia ya kwenda Geita. Nimeulizia, kuna mzee mmoja pale hali yake si nzuri, hivyo inabidi tuwahi. Onesmo anaweza kubaki Katoro na sahani zake.

Swali langu ni moja, nami naomba lisizungushwe: mbuzi ataingia kwenye bajeti ya mradi, ndiyo au hapana? Nijibu kabla ya saa tatu asubuhi kesho. Kesho ni siku ya mnada, na safari hii nataka kununua nikiwa bado nasalimiwa."